Kura za Walionyamaza

Asubuhi aliyofariki Bi Zuwena, jina lake liliandikwa katika kundi letu la kwenye simu mara nyingi kiasi cha kunifanya niache kusoma. Kundi hilo ni la jamaa zetu wa Hail, kando ya Maskati, na wachache walio mbali kidogo, Quriyat, watu wa koo tatu nne zilizooana mpaka hakuna anayejua tena nani ni shemeji na nani ni binamu. Kwa kawaida huandikwa humo salamu za Ijumaa, tangazo la gari linalouzwa, na malalamiko ya maji kukatika. Asubuhi ile kila mtu aliandika. "Allah amrehemu mama yetu Zuwena." "Mikono yake ndiyo iliyonipokelea wanangu watatu." "Bi Zuwena, umetuacha na nani?" Hakuna aliyemngoja mwenzake. Mimi peke yangu nilikaa kitandani karibu saa nzima, nikiandika na kufuta, nikijiuliza kama nimwite Bi Zuwena kama wengine au mama, na kama nikiandika kwa kirefu watu hawatashangaa, kwa vile kila mmoja alijua sikuwa nikienda kwake. Mwisho niliandika maneno yale yale ya kila mtu. Nilipoyatuma ndipo ikanijia kwamba miaka minne nyuma, katika kundi hili hili, jina hilo hilo lilingojewa siku tatu, na hapakuwa na aliyeliandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada yangu iko ndani ya bahasha ya plastiki juu ya kabati, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kutafuta kazi. Mtu asiye na kazi ana wakati mwingi wa kufikiri, na mimi hata nilipokuwa na shughuli nilifikiri kupita kiasi. Nilikuwa naweza kusimama mbele ya friji nikapima ubaya na uzuri wa maziwa ya aina mbili mpaka Neema, dada aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwetu, aje kuufunga mlango. "Dada Raya, unapoza nyumba nzima," alikuwa akisema. Neema alitoka Mwanza. Alikuwa amenizidi miaka minne tu, lakini ana watoto wawili kwao na alishazoea kuamua mambo kabla chai haijachemka.

Uchaguzi wa baraza la manispaa, baladia kama tunavyoiita, ulikuwa unakaribia. Kisheria mtu yeyote mwenye sifa hujiandikisha kugombea, na siku ikifika kila mpiga kura hupiga kura kwa simu yake. Lakini kwetu, kama kwa jamaa wengine wengi, kabla ya sheria kuna sabla. Sabla yetu ni ukumbi mrefu wenye zulia jekundu na mito ya kuegemea ukutani, ambamo wanaume hukaa siku za harusi, za misiba na za mashauri. Nyuma yake kuna chumba cha wanawake, na katikati ya ukuta kuna kidirisha cha mbao cha kupitishia masinia na birika za kahawa. Desturi ni kwamba jamaa hukubaliana kwanza juu ya jina moja, ili kura zisigawike, kisha huyo mmoja ndiye anayekwenda kujiandikisha. Wanaokwenda kinyume hawafungwi na mtu, ila harusini huketishwa karibu na mlango.

Siku ya shauri ilikuwa Jumanne baada ya Alasiri. Kwa upande wetu walikuja wanawake wengi, kwa sababu Bi Zuwena alikuwa amepiga simu nyumba kwa nyumba. Upande wa wanaume tulisikia sauti chache, na Ami Nasor, mkubwa wa sabla, akiuliza wako wapi watu. "Wako kazini, Ami," alijibu mmoja. "Na walioko likizo?" "Wamelala, Ami." Walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa vikombe vyao vilipopita kidirishani kwenda kuoshwa. Ami Nasor hakupoteza wakati. Alimtaja Said, mtoto wa nduguye, mhandisi, meneja katika kampuni moja kubwa mjini, kijana mpole asiye na ugomvi na mtu. Wanaume wakasema "Tabaaraka Allah," na shauri lilikuwa linataka kuishia hapo, kahawa ya pili haijamiminwa, ndipo Bi Zuwena alipousukuma mlango wa kidirisha kwa kiganja.

"Nasor, na mie niandike."

Vikapasuka vicheko. "Wewe Zuwena," alisema Ami Nasor, na ilisikika kwamba anatabasamu, "hujachoka kuzalisha watu, sasa wataka kuizalisha baladia?"

"Nikiizalisha mie itatoka hai. Niandike."

Bi Zuwena alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya wanaume waliokuwa wakimcheka ukumbini aliwapokea yeye walipozaliwa, na alikuwa na tabia ya kuwakumbusha. Ami Nasor alikohoa, akashauriana na wenziwe kwa sauti ya chini, kisha akatoa hukumu ambayo naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kidirisha na sinia la tende mkononi. "Basi yawe majina mawili. Tuulizane katika kundi la simuni, toka leo mpaka Ijumaa Alasiri. Kila mtu aandike amtakaye. Mwenye jina hajiandiki mwenyewe, ni aibu. Na asiyeandika, tunamhesabu kaafiki na sabla."

"Kama bibi harusi," alidakia mmoja. "Akinyamaza, karidhia." Wakacheka tena. Na sisi wanawake tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Kidirisha kilipofungwa, chumba chetu kikajaa maneno. Mkate wa ufuta ulikuwa unapita na samaki wa kukaanga, watu wanakula kwa mkono mmoja na kusema kwa mwingine. Bi Zuwena hakula. Alieleza anachokitaka, na kilikuwa kidogo mpaka nikaona haya kwa niaba yake: njia ya kutoka kituo cha basi hadi kituo cha afya. Haikuwa na mahali pa kupita kwa miguu. Ilikuwa mchanga na kokoto kando ya magari, haina kivuli, na pale katikati inapokata wadi, lile bonde kavu la mkondo wa maji, mvua ikinyesha, mtu huvua viatu. "Wenye magari hawaijui njia hiyo," alisema. "Nimefanya kazi pale miaka yote. Nimeona mja mzito anaingia kaloa mpaka magotini. Na wanaopita pale wengi ni hawa wasichana wanaotufanyia kazi, hawana kura. Nani atawasemea? Said? Said kashuka lini garini?" Kisha akanigeukia. "Raya. Wewe ndo uanze. Umesoma, na wakubwa wanakuheshimu. Ukiliandika jina langu wewe wa mwanzo, hawa watafuata."

"Akianza msomi, sote tuko nyuma," alisema mwanamke mmoja wa Quriyat.

"Mie ni mwanawe," alisema Salma, bintiye Bi Zuwena. "Nikianza mie watasema mtoto kamtetea mamaake. Anza wewe, Raya, nami nafuata papo hapo."

Nilisema inshallah. Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Nilipolitamka nilikuwa nakusudia ndiyo, nadhani. Lakini kufika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kupima.

Nilichukua daftari nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja Said, upande mwingine Bi Zuwena. Said anajua watu wa ofisini. Bi Zuwena anajua watu wa mtaani. Said ana umri wa kufanya kazi vipindi viwili. Bi Zuwena magoti yanamuuma. Bi Zuwena ana jambo moja analolitaka. Je, mtu mwenye jambo moja anafaa kuwa diwani? Lakini mwenye mambo kumi atafanya lipi? Nilijaza ukurasa, nikageuza, nikajaza wa pili. Jambo moja sikuliandika katika safu yoyote, nalo ni kwamba maombi yangu ya kazi yalikuwa yamefika katika kampuni ya Said wiki mbili kabla, na kila simu ilipolia nilidhani ni wao.

Jumatano usiku nilisali istikhara. Nilimwomba Mungu anielekeze lililo na kheri, nikalala nikingoja ishara. Niliota niko dukani nachagua viatu. Asubuhi nilijaribu kuielewa ndoto ile: viatu maana yake njia, njia maana yake Bi Zuwena, au viatu maana yake kazi, maana vilikuwa vya ofisini, vya kisigino. Nikaona haitoshi. Alhamisi nikasali tena, na sikuota kitu.

Neema ndiye aliyeniuliza waziwazi. Ilikuwa Ijumaa mchana, siku yake ya mapumziko, naye alikuwa jikoni anafunga viatu atoke, mimi natazama simu. Wanaume walikuwa wameanza kuandika tangu jana yake. "Said." "Naunga mkono, Said." "Said, Mungu amuwezeshe." Walikuwa tisa tu katika watu zaidi ya mia. Chini yao hapakuwa na kitu.

"Bado hujaandika?" alisema Neema.

"Nafikiri."

"Tangu Jumanne, dada?" Alicheka, lakini hakuwa anafanya mzaha. "Mimi kwetu nilipanga mstari tangu alfajiri, jua likanipiga, mtoto mgongoni, nikapiga kura yangu nikaondoka. Nyie mnaandika jina kwenye simu, mmekaa kwenye kiyoyozi, na bado mnaogopa. Mnaogopa nini?"

"Siogopi. Nimesali istikhara, nangoja."

Neema alinitazama. Yeye ni Mkristo na hakutaka kulitia mkono jambo la dini yangu. Alichukua mkoba wake. "Sawa. Mimi sina kura hapa, ila miguu ninayo. Napita ile njia kila Ijumaa. Mwambie huyo mama asante kwa kuifikiria."

Aliondoka. Nilibaki na sahani ya wali na mchuzi wa papa unaopoa. Niliandika katika simu: "Namuunga mkono Bi Zuwena." Niliyasoma maneno manne yale. Niliongeza "kwa heshima zote kwa Ami Nasor na ndugu yangu Said". Nikaona heshima zimezidi, zitaonekana kama najitetea. Nikazifuta. Nikafikiri labda Salma ataanza, halafu mimi nitafuata, na itakuwa si mimi niliyefungua mlango. Nikaona jina la Salma liko wazi, yuko hewani, anasoma kama mimi. Yule mwanamke wa Quriyat naye alikuwa hewani. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka mwadhini akaadhini Alasiri, na nilipoisikia adhana, Mungu anisamehe, nilichokihisi kwanza ni nafuu.

Baada ya sala Ami Nasor alituma matokeo. Alikuwa mtu wa utaratibu, akaorodhesha majina yote. Said: tisa walioandika, na wote walionyamaza. Zuwena: hakuna. Na katika ile orodha ndefu ya walionyamaza wakahesabiwa kuwa wameafiki, jina langu lilikuwa la thelathini na kitu, na chini yake kidogo, kwa kuwa naye hakuandika kitu, kwa kuwa aliambiwa ni aibu kujiandika, kulikuwa na jina la Zuwena mwenyewe. Alikuwa amehesabiwa dhidi yake mwenyewe. Watu wakatuma vikaragosi vya mikono inayopiga makofi.

Siku ya pili Bi Zuwena alikuja kwetu na mkate wa kumimina, ungali moto ndani ya kitambaa. Alikaa jikoni, akamsalimia Neema, akauliza kama mguu alioutegua katika ile njia umepona. Mimi nilikuwa nashughulika na vikombe visivyohitaji kushughulikiwa. "Umeona, Raya?" alisema. "Nimemuunga mkono Said na mwenyewe sina habari. Nimezeeka, kura yangu yatoka bila ya mie." Akacheka, na mimi nikacheka kidogo, nikidhani yameisha. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza sukari iko wapi, "Ulikuwa huna la kusema, au ulikuwa nalo?"

"Nilisali istikhara, Bi Zuwena. Sikuona kitu."

Aliweka kikombe chini. "Istikhara ni ya mtu aliyekwisha kuazimia jambo, mwanangu. Waazimia, kisha wamwachia Mungu alipitishe au alizuie. Wewe hukuazimia. Wewe ulijificha ndani ya sala." Hakulisema kwa ukali. Aliumega mkate, akanipa kipande, akasema nile kabla haujapoa, na alipoondoka alinishika shavu kama alivyozoea. Lakini simu za nyumba kwa nyumba alikuwa amekwisha kuacha kupiga. Nilimuuliza Salma, siku moja, kwa nini mama asijiandikishe tu mwenyewe, sheria si inamruhusu? Salma akasema alikuwa amekusudia hivyo tangu mwanzo, sabla ikatae isikatae. Alitaka kuona majina machache tu ya wanawake kwanza, ajue kwamba hayuko peke yake. Hakuliona hata moja.

Siku ya uchaguzi wenyewe nilikaa chumbani nikakigusisha kitambulisho changu na simu, nikapigwa picha ya uso, na zikatokea sura za wagombea. Nilimpigia kura Said. Nilijiambia kwamba kwa kuwa nimeshahesabiwa kumwafiki, ni bora nimwafiki kweli, ukimya wangu usiwe uongo. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kufikiri kwangu kote kule. Said hakupita. Kura alizopata hazikuifikia hata orodha ya Ami Nasor, kwani wale wote waliohesabiwa kuwa naye kwa kunyamaza, siku ilipofika walinyamaza vile vile. Hata simu hawakuzifungua. Na kazi katika kampuni yake sikuipata, wala sikuikosa kwa sababu yake. Miezi kadhaa baadaye nilikutana naye harusini, akaniuliza kwa adabu mimi ni binti wa nani. Hakuwa anajua kwamba nipo.

Kazi nilipata pengine, Maskati, katika ofisi tulivu ambapo mtu anayefikiri sana huonekana makini. Kwa Bi Zuwena nikaacha kwenda. Hapakuwa na ugomvi. Mara ya kwanza nilisema nitakwenda wiki ijayo, kwa kuwa nilikuwa sijapata la kumwambia. Wiki iliyofuata nilikuwa na deni la wiki mbili za kutokwenda, nalo pia lilihitaji maelezo. Neema alikuwa akimtembelea kila Ijumaa akirudi kutoka kituo cha basi, mpaka alipomaliza mkataba akarudi Mwanza. Mimi niliyekaa mwendo wa dakika sita sikwenda. Miaka minne ilipita hivyo.

Matanga yake yalikaliwa katika sabla ile ile. Siku ya tatu tulikaa chumba cha wanawake, mito ile ile, kidirisha kile kile kimepakwa rangi mpya. Salma alikuja kukaa karibu nami. Macho yake yalikuwa yamevimba na alikuwa anataka kuzungumza habari yoyote isiyokuwa kifo, kwa hiyo akazungumzia mwaka ule. "Nilikuwa nimeshaandika, wajua? Nina ujumbe wangu tayari. Nilikuwa nangoja wewe uanze."

Nilimwambia na mimi nilikuwa nimeandika. Kwamba nilikuwa nangoja yeye.

"Na mie," alisema yule mwanamke wa Quriyat kutoka ng'ambo ya sinia. "Nilikuwa natazama majina yenu mawili, nasema, hawa wasomi wanajua wanalolifanya." Mwingine akasema alimpa mwanawe simu kusudi amwandikie, wakakaa wote wawili wanangoja. Walijitaja mmoja mmoja, kwa sauti za chini, kama watu wanaokiri jambo mbele ya maiti. Salma alijifunika uso kwa mtandio. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Ndipo kidirisha kilipofunguliwa, na sauti ya Ami Nasor, iliyochakaa sasa, ikaingia. "Wanawake! Khitma tumeona tuisome baada ya Magharibi, wanaume wawe wametoka kazini. Mwasemaje?"

Wanawake wa Quriyat walikuwa na mabegi yao karibu na mlango. Tangu asubuhi walikuwa wakisema lazima waondoke kabla ya kiza, na kwamba wasingependa kuondoka bila kumsomea. Kila mtu pale chumbani alilijua hilo. Tukatazama vikombe vyetu. Niliona mwanamke mmoja akifungua mdomo, akamtazama jirani yake, akaufunga.

"Haya, kimya," alisema Ami Nasor. "Magharibi, inshallah." Mlango wa kidirisha ukaanza kurudi.

"Ami," nilisema. "Bado hatujajibu."

Mlango ukasimama. "Nani huyo?"

"Raya."

"Haya, Raya. Semeni basi."

Nilikuwa nimekikamata kikombe kwa mikono miwili, kwa jambo la saa ya kusoma khitma tu. "Alasiri," nilisema.

"Alasiri," akasema Salma, sijafunga mdomo.

"Alasiri, Ami, sie twarudi Quriyat." "Alasiri." "Na mie, Alasiri." Sauti zilitoka kila pembe, za wazee na za wasichana, moja juu ya nyingine, mpaka Ami Nasor akasema, "Basi, basi, nimesikia! Alasiri!"

Nilijikuta nawahesabu. Walifika kumi na sita, kahawa haijapoa mkononi mwangu. Kisha tukagawana juzuu, tukamsomea.